Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa wilaya yetu: tupimeni kama kuna bakteria kabla ya kutupa antibayotiki

Kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya,
na wajumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo chetu cha afya,
Mkoa wa Lindi.

YAH: KIPIMO CHA CRP, TAIFODI YA KILA MTU, NA ANTIBAYOTIKI ZA KUBAHATISHA

Ndugu Mganga Mkuu, salaam. Na kwenu wajumbe wa kamati, wale mlionizidi umri shikamooni, wengine habari za kazi.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina la wilaya na la kituo siandiki makusudi, wahusika wakisoma watajijua wenyewe, na nia yangu sio kumharibia mtu kibarua chake. Njia za kawaida nimezipita zote, nimeongea na mganga mfawidhi akanisikiliza vizuri tu na chai nikanywa, nimeandika nikatumbukiza kwenye sanduku la maoni ambalo kufuli lake lina kutu mpaka najiuliza funguo anakaa nayo nani, nimekuja mpaka ofisini kwako nikaambiwa umetoka acha namba utapigiwa. Sijapigiwa. Sasa naongea hapa mbele ya watu.

Shida yenyewe ni hii. Kituoni kwetu mtu akija na homa anapimwa malaria, ikikosekana anapimwa Widal ile ya taifodi na mkojo, halafu majibu yoyote yakitoka anaondoka na antibayotiki. Kipimo cha damu cha kusaidia kujua kama hiyo homa inaelekea kuwa ya bakteria au la hakuna, na hakijawahi kuwepo. Nazungumzia CRP. Sio mashine ya ajabu ya Muhimbili, ni kipimo kinachoweza kufanyika kwa tone la damu ya kidole na majibu yakatoka ndani ya robo saa.

Najua utasema huyu naye kasoma mtandaoni anakuja kutufundisha kazi. Ndio, nimesoma, na nimeuliza pia madaktari wawili watatu ninaowaheshimu, na nimeuguza. Nisikilize kwanza.

1. Taifodi na UTI za kila mtu

UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi huku kwetu zimeshakuwa utani. Mtu akitoka kituoni haulizwi anaumwa nini, anaulizwa "umekutwa na UTI na taifodi au UTI peke yake?" Mwanangu wa miaka sita msimu mmoja wa masika alikutwa na taifodi kila alipopata homa, na kila mara dozi mpya, mara Cipro, mara Azuma, mara sindano za seftriaksoni asubuhi na jioni mpaka mtoto akiona mtu kavaa nguo nyeupe analia, hata muuza aiskrimu.

Nimesimama pale dirishani maabara nikaangalia hiyo Widal inavyofanyika. Kigae cheupe chenye viduara, tone la majimaji ya damu, tone la dawa ya bluu huku na nyekundu kule, mtaalamu anachanganya na kijiti, anakitikisa kigae taratibu, anakiinamia kwenye mwanga wa dirisha aone kama kumeganda chengachenga. Halafu kwenye cheti inaandikwa O 1:160, H 1:80, imekwisha, una taifodi. Elfu tano.

Ndugu Mganga Mkuu wewe unajua kuliko mimi kwamba kipimo hicho ni cha tangu 1896 na hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza, na hao askari wanaweza kuwa wamebaki tangu ulipougua zamani, au wametokana na vimelea vingine vinavyofanana na vya taifodi. Ndio maana wenye kipimo chao walitaka damu ichukuliwe mara mbili kwa kupishana siku kadhaa waone kama namba inapanda. Nani kituoni kwetu amewahi kuambiwa rudi baada ya siku kumi tupime tena? Kuna utafiti ulifanyika Muheza mkoani Tanga kwa watoto waliolazwa, ukachapishwa 2010, kati ya watoto ambao Widal ilisema wana taifodi ni kama robo tu ambao damu yao ilipooteshwa maabara, yaani kuwekwa mdudu akue aonekane, ilikutwa kweli na mdudu wa taifodi. Yaani watoto wanne wanaambiwa wanayo, wa kweli ni mmoja.

Na mwingine uliochapishwa 2014, watoto 1,005 wa Dar es Salaam na Ifakara waliokuja kliniki na homa wakapimwa kila kitu kinachopimika. Taifodi ilikuwa asilimia 3.7. UTI asilimia 5.9. Virusi walikutwa kwa watoto 7 kati ya 10. Sasa sisi watoto wetu wa Lindi wana matumbo ya namna gani ambayo taifodi inawapenda hivyo?

2. Wale ambao kweli wana bakteria tunawakosa

Hili ndo linaloniuma zaidi kuliko hela ya Widal, kwa sababu watu wengi wanadhani nalalamikia dawa nyingi tu. Mama yangu mzazi alipelekwa pale na homa, mwili hauna nguvu, kukohoa kidogo sana. Malaria hakuna. Widal hakuna. Mkojo safi. Akaambiwa hana kitu, ni uchovu na umri, akapewa Panadol tukarudi nyumbani. Yaani siku ambayo vipimo vyenu vitatu vimekosa cha kuandika, mgonjwa naye anakuwa hana ugonjwa!

Tukaja kumkimbiza hospitali kubwa anahema kama katoka kukimbia, wakampiga picha ya kifua, wakachukua damu, na cheti ninacho mpaka leo, CRP 148. Nimonia. Namshukuru Mungu katoka salama, lakini daktari wa kule aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: huko mlikoanzia hawakupima hii?

Kwa faida ya wasomaji wengine ambao sio wa fani, CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Mtu mzima wa afya anakuwa nayo kidogo sana. Bakteria wakivamia mwilini ini linaanza kuimwaga ndani ya masaa machache na inafika kileleni kama baada ya siku mbili, ukipona inashuka haraka. Kwa mgonjwa wa kifua mwongozo unaotumika sehemu nyingi ni kwamba ikiwa chini ya 20 (miligramu kwa lita) antibayotiki kwa kawaida haihitajiki, ikizidi 100 mpe, hapo katikati daktari atumie akili yake na amwangalie mgonjwa. Ilianza kuonekana 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia huko New York, kwa hiyo hata hii sio teknolojia ya jana.

Sisemi ni kipimo cha miujiza. Malaria inaipandisha, majeraha na upasuaji vinaipandisha, na haikuambii ni mdudu gani wala kakaa wapi. Ndio maana MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, lazima itangulie, hasa huku kusini ambako malaria ipo ya kutosha. Na mgonjwa anayeonekana kazidiwa asisubirishwe na namba, atibiwe. Lakini kati ya kipimo kinachosaidia kuamua na kigae cha bluu na nyekundu mimi nachagua hicho cha kwanza.

3. Sisi watu wa kusini homa zimeshatufundisha, kwanini hatujifunzi

Naomba nikae hapa kidogo. Homa ya chikungunya, hiyo inayotajwa dunia nzima, iliandikwa kwa mara ya kwanza kutokea hapa hapa kwetu, milima ya Makonde upande wa Newala, mlipuko wa 1952 na 1953, na hata jina lake limetoka kwenye Kimakonde. Ni kirusi cha mbu. Homa kali, viungo vinauma mtu anatembea kajikunja. Antibayotiki haina kazi yoyote hapo, ungemeza kopo zima.

Halafu Julai 2022 Ruangwa, mkoa wetu huu huu. Watu wanapata homa, kichwa, mwili kuchoka, wengine wanatoka damu puani, wiki nzima redioni na vijiweni "ugonjwa usiojulikana", kila mtu ana nadharia yake, wengine tayari wanataja uchawi. Wizara ikaja kutangaza kwamba ni homa ya mgunda, wagonjwa 20 na vifo 3 kwa wakati ule. Hiyo ni bakteria, inatokana na mkojo wa wanyama wakiwemo panya, na inatibika kwa dawa za kawaida kabisa kama doksisaiklini na penisilini ukiwahi.

Sasa angalia, homa mbili, zote za kwetu, zote zinaanza sawasawa kwa joto na kichwa na mwili kuuma, moja antibayotiki haifai kitu na nyingine antibayotiki ndo uhai wenyewe. Kipimo cha Widal hakitenganishi hizo mbili hata kidogo. CRP isingetaja jina mgunda, sitaki kudanganya, ila homa isiyo malaria halafu CRP iko juu sana ingemfanya mganga wa zahanati ashtuke mapema, aanze dawa na apige simu, badala ya kuandika taifodi na kuita mwingine.

Na hata bila milipuko. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho nusu ya kijiji tunakohoa, ni vumbi la salfa hilo kila mtu analijua, lakini tukifika dirisha la dawa ni amoksilini kwa kila mmoja, bahasha imeandikwa 1x3, haya mwingine.

4. Dawa zinachoka

Hapa sitaongea sana maana mabango mmebandika wenyewe pale mapokezi, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, usimeze antibayotiki bila kuandikiwa na daktari. Nchi ina mpango kazi wa kitaifa wa usugu tangu 2017 na ule wa pili umeanza 2023. Vizuri sana. Sasa na daktari anayeandika bila kujua nani atamwekea bango?

5. Majibu ambayo nimeshapewa au najua nitapewa

"Hakuna bajeti." Hili ndo la kwanza kila mahali. Lakini vituo siku hizi vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, utaratibu huo una miaka sasa, na nyie kamati ndio mnapitisha mipango ya matumizi, sio mtu wa Dodoma. Kuna mapato ya ndani, kuna hiyo elfu tano ya kila Widal. Bohari ya Dawa (MSD) wakikosa kitu kuna mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeidhinishwa. Pigeni hesabu, chukueni hela ya vitendanishi vya Widal ya mwaka mmoja, ongezeni hela ya hizo antibayotiki zinazotolewa kwa mafua, wekeni mezani, halafu mtuambie kwamba visanduku vichache vya CRP haviwezekani. Mimi nitakubali nikiona hesabu. Sijaiona.

"Mtaalamu wa maabara ni mmoja tu na kazi ni nyingi." Ni kweli na namuonea huruma huyo kijana, anapima mpaka jioni hajala. Lakini CRP ya kidole inafanana sana na MRDT, unatoboa, unadondosha, unasubiri, unasoma. Manesi wetu wanapima malaria kila siku, wakifundishwa hii wataweza.

"FBP inatosha." Mashine ya FBP, ile ya kuhesabu chembe za damu, kituoni ipo, nimeiona, imefunikwa kitambaa kizuri cha kudariziwa kwa sababu vitendanishi vimeisha. Hata ikifufuka ni vizuri ifufuke, tunaitaka kwa mambo mengine pia, ila chembe nyeupe peke yake zinaweza kukudanganya, taifodi yenyewe mara nyingi haizipandishi.

"Hiki ni kipimo cha hospitali za rufaa." Nadhani hapa watu wanachanganya na prokalsitonini, ambayo nayo ni kipimo cha damu cha kazi hiyo hiyo na ni kizuri hasa kwa wagonjwa waliozidiwa, sumu ya bakteria imeingia kwenye damu, na kujua lini dawa ikatishwe. Hiyo ni ghali, na orodha ya vipimo muhimu ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza 2018 inaitaja kwa hospitali za ngazi ya juu. Sawa, ikae huko kwenye hospitali za mkoa na kanda, sina ugomvi. CRP nayo imo kwenye orodha hiyo hiyo, na kwenye kituo cha afya inaingia bila shida.

"Wananchi wenyewe ndo wanalazimisha dawa." Hili nalikubali nusu. Ni kweli mtu akitembea kutoka shambani, kamlipa bodaboda, halafu arudi na Panadol tu anaona kadharauliwa, na mama zetu wengine wasipochomwa sindano hawajatibiwa. Lakini jamani mnakumbuka MRDT ilivyoingia? Watu walikataa, wakasema kipimo hakioni, malaria imejificha, nipe mseto tu daktari. Leo nani anadai mseto wakati kipimo kimesema hakuna? Wachache sana. Watu wakionyeshwa wanaelewa. Nionyeshe namba ya mwanangu, niambie bwana iko 8, hii ni virusi, mpe maji, mpe Panadol, ukiona anahema haraka au hanyonyi au analegea rudi usiku huo huo. Nitaondoka nimeridhika kuliko bahasha nne za vidonge nisivyojua vya nini.

"Hakuna ushahidi kwa mazingira yetu." Upo, tena wa Dar es Salaam. Watoto wa chini ya miaka mitano 3,192 walifanyiwa utafiti kwenye vituo vya pale, ukachapishwa 2017. Kundi moja waganga walitumia tableti yenye maelekezo pamoja na vipimo vya kidole, CRP na prokalsitonini vikiwemo, na kile cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Antibayotiki zikatolewa kwa watoto kama 11 tu kati ya 100. Kwenye vituo vilivyoachwa vitibu kama kawaida yao zilitolewa kwa karibu 95 kati ya 100. Na watoto hawakuzidiwa kwa kukosa dawa, bali kinyume chake, ambao hali ilikataa kupona ndani ya wiki walikuwa asilimia 2.3, wakati kundi la pili, lililofuata mwongozo wa zamani bila CRP na prokalsitonini, walikuwa 4.1. Sijasema CRP peke yake ndo ilifanya yote hayo, ila vipimo vilikuwa ndani ya hiyo kazi, na Dar sio Ulaya.

Sasa ninachoomba, na naamini wengi watakaosoma hapa tunaomba pamoja:

a) CRP ya kidole iingie kwenye mpango wa kituo unaofuata, na vichaguliwe vile vinavyostahimili joto la huku kwetu maana umeme wa friji mnaujua. Hao manesi wafundishwe, na pale maabara ibandikwe karatasi moja inayosema malaria kwanza, CRP baadaye, namba hii fanya hivi.

b) Widal isitumike peke yake kumwandikia mtu dozi ya taifodi, na mpaka mtakapoamua la kufanya nayo, isilipiwe. Kama mnaona nakosea na kuna mwongozo wa wizara unaosema itumike hivyo mnavyoitumia, ubandikeni tuusome.

c) Mgonjwa anayedhaniwa ana taifodi kweli au sumu kwenye damu achukuliwe damu ya kuotesha kabla hajachomwa antibayotiki, chupa ziwepo kituoni na ziende hospitali inayootesha. Gari la chanjo na la sampuli za TB linapita, hizi chupa zitakosaje nafasi?

d) Vitendanishi vya FBP vinunuliwe. Sina la kuongeza hapo.

e) Tujibiwe kwa maandishi. Hata kama jibu ni hapana, liwe na sababu na liwe na sahihi.

Masika ikianza homa zinaongezeka, mnajua foleni inavyokuwa pale chini ya mwembe. Ningependa jibu lije kabla ya hapo. Likichelewa, diwani wetu ameshaniambia yuko tayari kuliingiza kwenye kikao cha baraza la madiwani, na kwenye mkutano wa kijiji nitasimama mwenyewe na vyeti vyangu, cha mtoto na cha mama, yeyote anayetaka kuvisoma atavisoma. Wenye vyeti vya kwao vya "taifodi" wavitunze wasitupe, waje navyo.

Wasalaam,

Mzazi na mkulima wa korosho,
Mkoa wa Lindi.

Nakala: Diwani wa kata, Mwenyekiti wa kijiji, Mganga mfawidhi wa kituo.